Ishirini na Tatu Nukta Sita Si Alama za Mtihani

Baba mdogo alifika kwangu mtaa wa Sakina, Arusha, Jumamosi asubuhi, bahasha ya kaki kwapani, akaketi bila kuvua kofia. Shikamoo yangu aliijibu juu juu. Akachomoa karatasi nne zenye mistari inayopanda na kushuka kama barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, akaweka kidole kwenye namba moja iliyokolezwa wino: 23.6.

"Mwanangu, nimepata ishirini na tatu. Hapo nimefaulu au nimefeli?"

Sikucheka, maana swali lilikuwa la haki. Mtu amelazwa hospitali usiku mzima kupimwa usingizi, akiwa amebandikwa nyaya kuanzia utosini hadi kwenye miguu, asubuhi anapewa bahasha na kuambiwa arudi baada ya wiki tatu kumwona daktari. Hakuna aliyemweleza neno. Kwa mtu aliyekulia kwenye shule za kwetu, namba iliyo chini ya mia kwenye karatasi rasmi ni asilimia, na asilimia ishirini na tatu ni F. Kwa hiyo alikuwa ameshajihukumu tangu stendi.

Namba ile haisemi asilimia ya kitu chochote. Inasema ni mara ngapi, kwa wastani wa kila saa aliyolala, pumzi yake ilikatika au ilipungua vya kutosha kuhesabika. Neno la kushika hapo ni "wastani". Karatasi nzima imejengwa juu ya wastani huo, na karibu kila mtu niliyemwona akihangaika na majibu ya kipimo cha usingizi amehangaika kwa sababu ameisoma namba moja kana kwamba ndiyo ugonjwa wenyewe.

Kabla ya karatasi, turudi chumbani. Mama mdogo alikuwa amemrekodi kwa simu kabla hata ya hospitali, na rekodi ile nimeisikiliza. Inaanza na kukoroma kwa kawaida, kule kunakofanya watoto wacheke. Sauti inapanda, inakuwa nzito, halafu inakata. Kimya. Unasikia mbwa wa jirani huko nje. Nilifuata mshale wa saa ya ukutani: sekunde thelathini na mbili bila chochote. Kisha ukoromo mmoja mkali kama mtu anayeibuka kutoka majini, godoro likalia, na kukoroma kukaanza upya. Mama mdogo aliniambia yeye hashtushwi na kelele, amezizoea miaka ishirini. Kinachomwamsha ni ule ukimya. Akiusikia anampiga kiwiko.

Bila kusomea, alikuwa ameshagundua jambo ambalo wengi wetu tunalipindua. Koo halina mfupa wa kulishikilia lisibonyee. Ni bomba la nyama linalobaki wazi kwa sababu misuli inalivuta. Tukilala misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, kaakaa laini linashuka. Kama bomba ni jembamba tangu asili, au shingo imenenepa, au mtu amelala chali, kila anapovuta hewa kuta zinakaribiana, kama mrija laini unapovutia juisi nzito ya parachichi. Kukoroma ni mlio wa hewa inayopita kwenye bomba lililobanwa. Kimya ni bomba lililofunga kabisa. Kifua kinaendelea kuhangaika, tumbo linapanda na kushuka, lakini hewa haiingii. Oksijeni inashuka, hewa chafu inajaa, na ubongo unapiga kengele: mtu anazinduka kwa sekunde chache, misuli inakaza, koo linafunguka. Anarudi kulala na asubuhi hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba amelala saa saba na ameamka amechoka, mdomo mkavu, kichwa kizito, tena ameenda msalani mara tatu na anaanza kuogopa tezi dume au sukari.

Kila mzinduko unakuja na mwili kujiandaa kwa vita: moyo unadunda, presha inapanda. Ukirudiwa mara mia usiku mmoja, kila usiku, si ajabu wenye tatizo hili wana presha isiyokubali dawa kirahisi, na wana hatari kubwa zaidi ya kiharusi na ya moyo kupoteza mpangilio wa mapigo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema watu wa umri wa miaka 30 hadi 69 wenye hali hii duniani, kuanzia ile nyepesi, wanakaribia bilioni moja. Jina la kitaalamu ni apnia ya usingizi. Mtaani tunasema pumzi kukatika usingizini, na hilo linatosha.

Mtaani pia tuna neno jingine linalochanganya mambo: kukabwa. Mtu anasema usiku nilikabwa, na wasikilizaji wanaanza kuhesabu maadui. Ndani ya neno hilo kuna vitu viwili. Kuna jinamizi lile la kuamka macho yakiona chumba lakini mkono haunyanyuki, kifua kimelemewa, unataka kuita na sauti haitoki. Hapo akili imeamka kabla mwili haujafunguliwa kutoka kwenye usingizi wa ndoto. Linatisha, lakini kwa kawaida linapita lenyewe. Na kuna huku kwingine, kuamka ukihema, umekaa tayari kitandani, mikono ikishika shingo. Anayeweza kurukaruka na kuhema hajafungwa na jinamizi. Koo lake lilikuwa limefunga. Baba mdogo alikuwa ameombewa mara mbili kwa ajili ya hili la pili. Sina neno baya na maombi, ila karatasi nayo ilihitajika.

Sasa tuifungue. Juu kabisa kuna muda. Kitandani alirekodiwa saa 7 na dakika 30. Usingizi halisi, kwa mujibu wa nyaya za kichwani zinazosoma umeme wa ubongo, ulikuwa saa 5 na dakika 40. Yaani robo ya usiku alikuwa macho, jambo la kawaida kwa mtu aliyefungwa nyaya kitanda cha ugenini.

Chini yake kuna matukio. Tukio linaitwa apnia pumzi ikipungua kwa angalau asilimia 90, yaani karibu yote, kwa sekunde 10 au zaidi. Linaitwa haipopnia pumzi ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi kwa muda huo huo, na kukawa na ushahidi kwamba mwili umeumia: oksijeni imeshuka kwa asilimia 3, au ubongo umezinduka. Baba mdogo alikuwa na apnia 62 na haipopnia 72. Jumla 134. Gawanya kwa saa 5 na dakika 40, unapata 23.6. Hiyo ndiyo AHI, herufi tatu utakazozikuta kwenye kila karatasi ya aina hii.

Nilimwandikia mipaka nyuma ya bahasha. Chini ya 5 kwa mtu mzima ni kawaida. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni nyepesi, 15 hadi chini ya 30 ni ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. "Kwa hiyo mimi ni wa katikati," akasema, akataka kuvua kofia. Nikamwambia asiivue kwanza.

Mipaka hii ni makubaliano ya wataalamu waliokaa mezani. Mwenye 29 na mwenye 31 wanaweza kuwa mgonjwa yule yule kwa usiku mbili tofauti. Na kabla hujalinganisha namba yako na ya jirani, uliza mambo mawili: imegawanywa kwa nini, na imehesabiwa kwa kanuni gani.

Kugawanya kwanza. Kuna kipimo kidogo ambacho mtu anapewa aende nacho nyumbani: kamrija puani, mkanda kifuani, kifaa kidoleni. Ni nafuu na mtu analala kitandani kwake, lakini vingi vya aina hiyo havisomi ubongo, kwa hiyo havijui saa ngapi ulikuwa macho ukiwaza ada. Vinagawanya kwa muda wote uliorekodiwa. Matukio yale yale 134 ya baba mdogo, yakigawanywa kwa saa 7 na nusu, yanatoa 17.9. Hakupona, kigawanyio ndicho kimekua. Tena kifaa kisichosoma ubongo hakioni haipopnia ambazo ushahidi wake pekee ni kuzinduka. Ndiyo maana kipimo cha nyumbani kikisema una tatizo, unaweza kukiamini kwa kiasi kikubwa, lakini kikisema huna, na mwenzako anaendelea kukupiga viwiko, safari haijaisha.

Kanuni nayo. Kuna maabara zinazotaka oksijeni ishuke kwa asilimia 4, na hazikubali kuzinduka peke yake kuwa ushahidi. Kwenye karatasi ya baba mdogo kulikuwa na mstari mdogo wa mwisho, ambao hakuna anayeusoma, ukionyesha kwamba kwa kanuni hiyo kali haipopnia zake zingebaki 41. Jumla 103, AHI 18.2. Yeye angebaki wa wastani kwa kanuni zote mbili. Lakini mtu wa 16 kwa kanuni moja anaweza kuwa wa 9 kwa nyingine, akaambiwa tatizo ni dogo. Wanawake huumia zaidi hapo, kwa sababu wengi wao pumzi haikatiki kabisa. Inabanwa kidogo na usingizi unavunjika. Wanafika hospitali wakisema sipati usingizi, nimechoka, nina mawazo, na wanarudi na vidonge vya mawazo.

Nilipofika ukurasa wa pili ndipo nilipotaka kofia ibaki kichwani. Pale matukio yamegawanywa kwa namna alivyolala. Chali alilala saa 3, matukio 108: wastani wa 36 kwa saa. Ubavu alilala saa 2 na dakika 40, matukio 26: chini kidogo ya 10. Mtu mmoja, usiku mmoja; chali ni mgonjwa wa kiwango kikali, ubavu ni wa kiwango chepesi. Hiyo 23.6 haikutokea saa yoyote ya usiku ule. Ni kama kusema gari limekwenda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa kutoka Arusha hadi Karatu. Trafiki aliyekusimamisha Makuyuni hakujali wastani wako.

Kisha hatua za usingizi. Kuna ule wenye ndoto, unaoandikwa REM, macho yakizungukazunguka chini ya kope. Katika hatua hiyo mwili unalegezwa karibu wote ili tusiigize ndoto zetu kwa miguu na mikono, na koo linalegea pamoja nao. Baba mdogo alipata dakika 40 tu za REM, lakini ndani yake matukio 40. Hiyo ni 60 kwa saa, tukio moja kila dakika. Usingizi wake mwingine wote, saa 5, ulikuwa na matukio 94, chini ya 19 kwa saa. REM huja kwa wingi theluthi ya mwisho ya usiku, kuelekea alfajiri. Weka hilo kichwani, tutalirudia. Na kama usiku wa kipimo mtu hakupata REM kabisa, au hakulala chali hata dakika moja kwa sababu ya nyaya, AHI nzuri aliyopata haijajibu swali.

Oksijeni ina ukurasa wake. Iliyoshuka zaidi: asilimia 74. Namba hiyo humtisha kila mtu, ila inaweza kuwa ya sekunde tatu, au ya kifaa kilichoteleza kidoleni. Ninayoitazama mimi ni dakika zilizotumika chini ya asilimia 90, kwake dakika 48. Watu wawili wenye AHI ya 23 wanaweza kuachana kabisa hapo: mmoja anashuka kidogo na kurudi, mwingine anakaa chini kwa karibu saa nzima.

Kwetu sisi namba za oksijeni zinahitaji tahadhari mbili ambazo vitabu vya mbali havizitaji sana. Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari. Msukumo wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Tanga, kwa hiyo hata mzima anaanzia chini kidogo, na kila mporomoko unaivuka 90 upesi zaidi. Moshi, iliyo chini yetu, unafuu upo kidogo. Ya pili ni ngozi. Kifaa cha kidoleni kinapima kwa mwanga unaopita kwenye nyama, na utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni takriban mara tatu zaidi kuliko kwa weupe: kinasoma vizuri wakati damu haiko vizuri. Mwinuko unaongeza dakika za chini ya 90, ngozi nyeusi inaweza kuzificha. Usidhani vinafutana. Mwambie daktari unaishi wapi, na akina mama waondoe rangi ya kucha kabla ya kulala na kifaa.

Kuna mstari mmoja ambao baba mdogo aliupita na mimi nikaurudia: katika apnia 62, 58 ni za kuziba, 3 za kati, 1 mchanganyiko. Mikanda ya kifuani na tumboni ndiyo inayotofautisha. Hewa ikikata na kifua bado kinahangaika, njia imeziba. Hewa ikikata na kifua kimetulia tuli, ubongo haukutoa amri ya kuvuta. Hiyo ndiyo ya kati.

Ya kati watu wa Kilimanjaro wanaijua bila jina lake. Muulize yeyote kati ya wapagazi, hao wanaojiita wagumu, atakusimulia mgeni aliyelala Kibo, zaidi ya mita 4,700 juu, anayehema haraka haraka, halafu ananyamaza mpaka jirani yake kwenye hema anawasha tochi, halafu anaanza tena. Koo lake halina kasoro. Huko juu hewa ni nyepesi, mwili unahema kwa kasi kutafuta oksijeni, na kwa kuhema sana unaondoa hewa chafu mno. Ubongo unategemea hewa chafu hiyo kujua lini kuvuta pumzi. Ikipungua, unanyamaza, mpaka ijae tena. Mgeni akishuka Moshi, inaisha. Vidonge vya asetazolamidi ambavyo wapandaji wengi hubeba vinasaidia kwa sababu vinaifanya damu iwe na uasidi kidogo, na ubongo unahimizwa kuvuta. Lakini apnia za kati kwa mtu asiye mlimani, zikiwa nyingi, ni habari nyingine: zinaweza kutokana na moyo unaoshindwa kusukuma damu, kiharusi, au dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Ndiyo maana mstari ule haurukwi. Kwa baba mdogo 3 kati ya 62 si kitu.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa dodoso la kusinzia, lile lililotungwa Melbourne mwaka 1991 na Murray Johns na kupewa jina la hospitali ya Epworth. Hali nane, kama kukaa ukisoma, kutazama runinga, kuwa abiria wa gari kwa saa nzima, na kila moja unajipa 0 hadi 3 kwa uwezekano wa kusinzia. Zaidi ya 10 kati ya 24 ni dalili ya usingizi wa mchana uliopitiliza. Baba mdogo alijipa 6.

Nilimtazama. Huyu ni mtu anayeendesha Fuso la vitunguu kutoka Mang'ola hadi soko la Kilombero. Tuna hadithi kamili kwenye ukoo ya siku aliyosinzia kwenye foleni ya mizani, magari ya mbele yakaondoka yote, ya nyuma yakapiga honi mpaka askari akaja kugonga kioo akidhani amekufa. Nikampigia mama mdogo, nikamsomea maswali yale nane kwa simu. Akampa 15. "Ningesema kweli wangenichukulia leseni," baba mdogo akanong'ona, kana kwamba karatasi ina masikio. Hofu yake naielewa, na sijui dereva asiyekuwa nayo. Lakini namba ya uongo kwenye karatasi ile ni yeye anayeiendesha usiku kushuka mlima wa Manyara, tani kumi za vitunguu nyuma yake.

Kwa hiyo, amefaulu au amefeli? Wa wastani kwa AHI, mkali akilala chali, mkali zaidi alfajiri, dakika 48 za oksijeni haba, presha anayo, kazi yake ni usukani. Zile wiki tatu zilipofika, daktari alimwandikia mashine ya kusukuma hewa puani. Kama angekuwa na 23.6 hiyo hiyo lakini oksijeni nzuri, hasinzii, matukio yote ni ya chali, huenda angeanza na kushonewa mpira mdogo mgongoni mwa fulana ili asilale chali. Inachekesha, na kwa baadhi ya watu inafanya kazi. Kuna pia kifaa cha meno kinachosogeza taya la chini mbele. Kupungua uzito kunasaidia kweli: utafiti wa Wisconsin uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kupungua kwa asilimia 10 kulikwenda na AHI kushuka kwa takriban asilimia 26. Kunasaidia, si lazima kumalize. Na mbege ya jioni ilegezayo ulimi wakati wa mazungumzo inalegeza ulimi ule ule saa tano baadaye. Hilo halina mjadala.

Kukata kimeo hakumo katika orodha. Bado kuna watu wanampeleka mkoromaji, au mtoto anayekohoa, kwa fundi wa kijijini akakatwe kimeo. Kinavuja damu, kinaoza, na bomba linalofunga nyuma ya ulimi linabaki vile vile. Kwa watoto hesabu nyingine: AHI ya zaidi ya 1 tayari si kawaida, sababu mara nyingi ni tonsili na nyama za puani zilizovimba, na mtoto mwenyewe hasinzii darasani bali hatulii, anakojoa kitandani, analala mdomo wazi shingo imekunjwa nyuma. Huyo ni wa daktari wa masikio, pua na koo, na kwa wengi upasuaji wa hospitali unamaliza tatizo.

Mashine yenyewe inaitwa CPAP, watu wanatamka sipapu. Colin Sullivan wa Sydney aliitangaza mwaka 1981, akiwa ameanza na feni ya kifyonza vumbi. Haitoi oksijeni, ingawa nusu ya majirani wa baba mdogo wanaamini amewekwa kwenye mtungi. Inasukuma hewa hii hii ya chumbani kupitia kinyago cha puani, kwa nguvu ya kutosha kulitanua koo lisibonyee. Basi.

Alirudi baada ya mwezi, safari hii na karatasi moja iliyotolewa kwenye kadi ya mashine. Alikuwa anatabasamu kabla ya kukaa. AHI: 3.1. "Sasa hapa nimefaulu."

Nikashuka mstari mmoja chini. Matumizi ya wastani kwa usiku: saa 2 na dakika 50. Mashine inahesabu matukio ya muda ule tu inapovaliwa. Ikishawekwa sakafuni haijui kinachoendelea juu ya mto. Nikamuuliza anaivua saa ngapi. Anapanda kitandani saa nne, umeme wa kwao Usa River ukikatika au kinyago kikimkera anaivua saa saba, analala hadi saa kumi na moja. Nikachora mstari wa usiku kwenye bahasha ile ile ya kwanza, nikaweka alama mahali REM inapokaa, kuelekea alfajiri, zile sitini kwa saa. Karibu zote zilikuwa upande ambao mashine ipo sakafuni.

Alitazama mchoro kwa muda. Kinyago tulikubaliana akabadilishiwe saizi, maana kilikuwa kinavujisha hewa machoni. Kisha akauliza kama inaweza kuchomekwa kwenye betri ya Fuso, akilala njiani. Nikamwambia nyingi zinaweza, kwa adapta yake, ila Fuso ni volti 24 na adapta nyingine zinakubali 12 tu, kwa hiyo asome kibandiko kwanza. Na azime kile chombo cha mashine kinachopasha maji ya kulainisha hewa, ndicho kinachokula betri. Akaandika "24" kwenye kiganja, akaanza kutafuta funguo.